Dakika Tatu Ulingoni

Mizani ilisoma kilo hamsini na moja na gramu mia tatu, na Cheche hakuwa amevaa hata chupi.

"Mia tatu zimezidi," alisema mpima uzito, mzee mwenye koti jeupe, akiinua vidole vitatu ili asieleweke vibaya. "Mwisho saa tatu kamili. Ikipita hapo, hupigani."

Cheche alishuka kwenye mizani taratibu, kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa. Kwa siku mbili maji yalikuwa yakipita mdomoni mwake kwa kusukutua tu, kisha akayatema. Midomo ilikuwa imepasuka. Alimgeukia kocha wake, ambaye pia alikuwa mume wa dada yake mkubwa.

"Shemeji, nywele zina uzito gani?"

"Zako? Haziwezi kuzidi akili zako."

"Basi hapo tumekwisha."

Kocha alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa mbili na dakika kumi.

Ilikuwa siku ya tisa ya Michezo Mikubwa, ile inayokutanisha nchi za dunia kila baada ya miaka minne, kuanzia wakimbiaji na waogeleaji hadi wapiga mishale. Nchi yao ilikuwa imepeleka watu saba, na watano walikwisha kutolewa. Wa sita alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu waliyemwita Tarishi, kwa kuwa nyumbani alikuwa akigawa barua kwa miguu. Mbio zake zilikuwa siku ya mwisho. Wa saba alikuwa Cheche, kinyozi kwa kazi, bondia wa uzito mdogo kuliko wote. Alikwisha kushinda mapambano mawili. Akishinda la tatu, alasiri ile, angeingia nusu fainali, na kwenye ngumi hata anayeshindwa nusu fainali huondoka na medali ya shaba. Nchi yao haikuwahi kupata medali ya aina yoyote.

Aliyepangwa kupigana naye alikuwa palepale chumbani, anafunga mkanda wa suruali. Alitoka nchi jirani, walielewana lugha, na kwa urefu wake wote walimwita Mlingoti. Uzito wake ulikuwa sawasawa tangu alipopanda mara ya kwanza. Alikuwa na chupa ya maji mkononi, na kabla ya kunywa aligeukia ukutani ili Cheche asimwone anavyomeza. Alipomaliza, alivua koti lake la nailoni akamrushia.

"Vaa hilo. Lina joto la jehanamu. Kimbia nalo."

"Unanisaidia ili nikupige?"

"Nakusaidia ili nikupige mimi. Ushindi wa mezani siutaki, hauna ladha."

Walikwenda kwenye njia ya chini ya jengo, mlimopita mabomba ya maji ya moto. Cheche alikimbia huku na huku ndani ya koti lile, juu yake sweta mbili, akitema mate kwenye kopo. Kocha alisimama katikati akihesabu. Mate yalipokataa kutoka, alimpa kipande cha limau akinuse tu. Kisha Cheche mwenyewe akatoa wembe mfukoni mwa begi, akajinyoa kichwa chote bila kioo, kwa mikono yake ya kazi, na nywele zikaanguka sakafuni kama pamba nyeusi. Alipomaliza, alijaribu kukimbia tena, akapepesuka. Kocha akamdaka kwapani.

"Bado kidogo, shemeji. Bado kidogo sana."

"Nikifa, mwambie dada nilikufa nikiwa mwembamba."

Saa tatu kasoro dakika nne alipanda tena. Sindano ilitetemeka, ikapita mstari, ikarudi. Mzee wa mizani aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kilo hamsini na moja, wala gramu juu. Mlingoti, aliyekuwa amebaki kusubiri, alipiga makofi mara moja tu, akachukua begi lake akatoka.

Kocha alimwacha Cheche kitandani na chupa ya maji yenye sukari, akamwagiza anywe funda moja kila dakika tano, naye akateremka kwenye ofisi ya msafara wao kutafuta bandeji za mikono. Njiani kulikuwa na picha kubwa za Michezo ya zamani, kuanzia ile ya kwanza kabisa: wanaume wenye masharubu waliopanga mstari wa mbio wakiwa wamevaa kaptula za kufika magotini, wanawake wa kwanza kuruhusiwa kushindana, wamevaa sketi ndefu na wameshika upinde, kisha mabondia, waogeleaji, washindi waliobebwa juu juu. Kwa siku tisa Kocha alikuwa akipita hapo haraka. Picha moja hakutaka kuiona. Ilikuwa ya gwaride la ufunguzi la miaka kumi na miwili nyuma, na kwenye safu ya nne, nyuma ya bendera, kijana mwembamba aliyekaza shingo alikuwa yeye.

Mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa bondia. Aliandamana siku ya ufunguzi, akala kwenye ukumbi wa wanamichezo, akalala siku kumi na moja kwenye kitanda chenye jina lake, na usiku wa kuamkia pambano lake la kwanza timu ikaamriwa kurudi nyumbani. Ugomvi ulikuwa uleule uliokuwepo sasa. Kulikuwa na serikali iliyowafunga na kuwapiga risasi raia wake kwa sababu ya rangi yao, na wenye Michezo waliikaribisha kana kwamba hakuna kitu. Nchi nyingi zikasema: wakibaki wao, tunaondoka sisi. Kocha hakuwahi kuupinga uamuzi ule. Aliona ni wa haki, na bado anaona hivyo. Lakini hakuna aliyemuuliza. Alirudi kwenye gereji ya mabasi kuchomelea vyuma, na kwa miaka kumi na miwili kila mtu akimuuliza, "Wewe ulishinda au ulishindwa?" alijibu, "Sikupigana," na watu wakadhani alimwogopa mtu.

Sasa wale watu walikuwa wamekaribishwa tena. Nchi kumi na nne zilikuwa zikingoja uamuzi wa serikali zao, na Mkuu wa Msafara alikwenda mjini tangu alfajiri kwenye kikao cha wakuu wenzake. Kabla ya kuondoka alikuwa amemkabidhi Kocha ufunguo wa ofisi. "Simu ikilia, wewe ndiye mimi," alimwambia.

Simu ililia akiwa ameshika bandeji.

"Nani mwenzangu?" sauti ilitoka mbali, ikija na kuzama.

"Kocha wa ngumi. Mkuu ametoka."

"Mimi ni katibu, wizarani. Chukua kalamu." Kocha akachukua kalamu. "Andika. Kuanzia sasa, hakuna mwanamichezo wetu yeyote kuingia uwanjani. Timu irudi kwa ndege ya kesho. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Kocha akasoma. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kama ya mtu wa chumba cha pili. Katibu akasema vizuri, mpe Mkuu mara tu akirudi, na waambie vijana tunajivunia. Simu ikakatika. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Alikaa akiitazama ile karatasi. Mistari miwili tu. Pambano lilikuwa saa tisa. Mkuu hangerudi kabla ya saa nane, na kama foleni ya mjini ingekuwa kama ya jana, hata saa kumi. Amri ikifika saa kumi ni amri pia, alijiambia; nani angekufa kwa saa chache? Aliikunja karatasi mara nne, akavua kiatu cha kulia, akaiweka chini ya kisigino. Kisha akafunga kamba, akachukua bandeji, akafunga mlango.

Tarishi alikuwa amesimama ngazini.

"Wale wa ghorofa ya tatu wanafunga mabegi," alisema. "Kuna habari gani?"

"Habari za nini?"

"Mimi ndiye nikuulize. Wewe ndiye mwenye simu."

"Simu haijalia."

Tarishi alimtazama kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mtu aliyezoea kupeleka barua za watu bila kujua ndani mna nini. Akasogea pembeni, Kocha akapita.

Saa nne walikuwa kwenye basi la kwenda ukumbi wa ngumi, saa nzima kabla ya muda uliopangwa. Cheche alinung'unika kwamba anataka kulala. Kocha akasema atalala kulekule. Kwenye kiti cha mbele msichana mmoja mwogeleaji alikuwa analia huku amekumbatia begi, na mwenzake akimpapasa mgongo.

"Kafanya nini yule?" Cheche aliuliza.

"Atakuwa ametolewa."

"Maskini."

Kocha alitazama dirishani. Karatasi ilikuwa imeanza kumchoma kisigino, na kila alipokanyaga aliisikia.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, moja la kona nyekundu na moja la kona ya buluu. Cheche alilala kwenye benchi lake, taulo usoni. Aliamka, akanywa supu, akanywa chai, na rangi ikaanza kumrudi. Saa saba ikapita. Saa nane. Benchi la buluu lilikuwa tupu. Kocha alimfunga mikono polepole, akaifungua, akaifunga tena. Mtu wa ukumbi akachungulia mlangoni, akatazama benchi lile tupu, akatazama karatasi yake, akaondoka.

Hapo ndipo Kocha alipoelewa. Nchi jirani nayo ilikuwa kwenye zile kumi na nne. Wao simu yao ilikuwa imepokelewa na mtu aliyeifikisha.

Jambo ambalo hakulisamehe baadaye ni kwamba furaha ilimjia kabla ya aibu. Hakuna pambano. Hakuna ngumi hata moja. Medali ingekuja yenyewe. Kwa kitambo kidogo alisimama pale na kiganja cha shemeji yake mkononi mwake, moyo ukimdunda kwa raha kama wa mwizi aliyekuta mlango haukufungwa.

"Mlingoti bado hajafika?" Cheche aliuliza.

"Labda wamempa chumba kingine."

"Nina koti lake kwenye begi. Nikumbushe nimrudishie."

Saa tisa walitoka. Ukumbi ulikuwa umejaa, taa kali juu ya ulingo, moshi wa sigara ukielea katikati. Mtangazaji aliita kona nyekundu, Cheche akapanda, akainua mikono, watu wakapiga makofi. Aliita kona ya buluu. Hakuna aliyekuja. Aliita mara ya pili. Mwamuzi alikwenda kuzungumza na mezani, akarudi, akasimama kwenye kona isiyo ya mtu. Kengele ikagongwa. Kanuni ilikuwa dakika tatu: anayekosekana akipita hapo, mkono wa aliyepo unainuliwa. Saa kubwa ya ukutani ikaanza kurudi nyuma kutoka tatu.

Cheche alirukaruka kidogo, akipiga ngumi hewani ili asipoe. Kisha akasogea kwenye kona yake.

"Shemeji, yuko wapi huyu?"

"Amechelewa."

"Mtu aliyekuja kupima tangu alfajiri achelewe saa tisa?"

"Basi anaumwa. Wewe endelea kujipasha moto."

Cheche hakuondoka. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka kwenye kichwa kipya cha upara. Watu walianza kupiga miluzi. Kutoka viti vya nyuma mtu mmoja akapaza sauti kwa lugha wanayoielewa: "Wamejitoa! Wenzenu wamejitoa!"

"Nani wamejitoa?" Cheche aliuliza.

"Achana na watu wa kelele."

"Nitazame, shemeji. Nani wamejitoa?"

Dakika mbili zilikuwa zimebaki, na sekunde tano. Kocha alikuwa na uongo wa tatu tayari mdomoni. Alimtazama yule kijana aliyemfundisha tangu akiwa na miaka kumi na mitano, midomo iliyopasuka, macho yaliyozama kwa kiu ya siku mbili, na uongo ukakataa kutoka.

"Nchi kumi na nne," akasema. "Na sisi tumo."

"Lini?"

"Asubuhi. Simu niliipokea mimi."

Cheche alisimama kama aliyepigwa tumboni. Glavu zikashuka.

"Ulipoipokea, mimi nilikuwa wapi?"

"Kitandani. Unakunywa maji."

"Na ukanileta hapa."

"Sikiliza." Kocha alipanda ngazi ya kona, akashika kamba kwa mikono yote miwili, akaongea haraka na kwa sauti ya chini. "Simama tu hapo. Usifanye kitu. Dakika moja na nusu, medali ni yako. Hakuna wa kukulaumu, wewe hukujua."

"Sasa najua."

"Jifanye hujui!"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungesema nini?"

"Sijui!" Cheche alipiga kelele, na watu wa viti vya mbele wakainua shingo. "Labda ningesema twende. Labda ningekwenda na wenzangu. Sijui ningesema nini, kwa sababu hukuniuliza. Umenikimbiza kwenye mabomba kama ng'ombe wa kuuzwa, na kumbe ulikuwa unapigana wewe."

"Nilikimbizwa na mimi! Miaka kumi na miwili, unajua maana yake?"

"Hiyo ni yako. Nipishe nitoke."

Sekunde hamsini. Kocha hakumwachia. Alizibana kamba mbili za katikati pamoja, akazifunga kwa viganja, kifua kikiwa kimezilalia. Hakujua anafanya nini. Alijua tu kwamba sekunde zinakwisha na kwamba kwa mara ya kwanza maishani zilikuwa zinakwisha upande wake.

"Niachie kamba, shemeji."

"Sekunde arobaini tu."

"Niachie."

"Nakuomba. Kwa ajili ya dada yako, nakuomba."

Mwamuzi alikuwa ameanza kuwasogelea, hajui lugha, anaona tu mtu na kocha wake wanavutana. Cheche alimtazama shemeji yake kitambo kingine. Kisha akageuka, akaukata ulingo wote kwa hatua sita, akafika kwenye kona ya buluu ambako hapakuwa na kiti wala ndoo wala mtu. Akainama, akapenya katikati ya kamba, akateremka upande ule. Saa ilikuwa imebakiza sekunde kumi na nane. Ukumbi ukalipuka, wengine wakizomea, wengine wamesimama wanapiga makofi bila kujua wanampigia nini.

Kengele iligongwa. Mwamuzi alisimama katikati ya ulingo mtupu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaishusha mikono yake.

Mkuu wa Msafara aliwakuta chumbani, tai imepinda, pumzi zimemwishia. Habari alizipata kikaoni saa nane na nusu, gari likakwama njiani, akashuka akatembea.

"Nimepiga simu nyumbani," alisema, akimtazama Kocha. "Katibu anasema alizungumza na mtu saa tatu na nusu. Na mtu huyo akamsomea amri aliyoiandika."

Kocha alivua kiatu. Ile karatasi ilikuwa imelowa jasho, imegeuka laini kama kitambaa. Alikuwa amefungua mdomo aseme, Cheche akamtangulia.

"Aliniambia, Mkuu. Ndiyo maana nilishuka."

Hakuna neno la uongo hapo. Mkuu aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alikuwa mtu mzima, amefanya kazi na watu miaka mingi, na pengine alikisia. Lakini nje waandishi walikuwa wamekwisha kujaa, na habari iliyokuwa mlangoni ilikuwa nzuri kuliko iliyokuwa ndani.

"Vizuri," akasema. "Basi ndivyo ilivyokuwa."

Jioni ile, kabla jua halijatua, basi la nchi jirani lilikuwa linapakia mizigo mbele ya mabweni. Cheche alikimbia na koti la nailoni, akalipitisha dirishani. Kocha alikuwa nyuma yake hatua chache, anasikia.

"Nimesikia ulishuka," Mlingoti alisema. "Medali ilikuwa mkononi, ukashuka."

"Nilishuka."

"Mjinga wewe." Mlingoti alicheka, kisha akajifuta macho na lile koti. "Unajua mimi walinifungia chumbani? Mlango kwa ufunguo, mtu nje. Nilipiga teke mpaka kucha ikatoka. Wasingenifungia, ningekuja kukupiga, amri na iende huko."

"Ungenipiga kweli?"

"Raundi ya pili."

"Thubutu!"

Basi likaondoka wakiwa bado wanabishana, mmoja dirishani, mmoja anakimbia pembeni.

Nyumbani walipokelewa na bendi. Gazeti liliandika kwa herufi kubwa kwamba kinyozi mmoja ameikataa medali kwa ajili ya utu wa binadamu wenzake. Waziri alimkumbatia Cheche, kisha akamwita Kocha mbele, akamshika bega, akasema huyu ndiye aliyemfundisha kijana msimamo. Watu walipiga makofi. Kocha alisimama pale akiangalia viatu vyake. Cheche, kando yake, alitazama mbele tu. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwamba alishuka kwa hasira. Kwamba wakati anapenya kamba zile hakufikiria utu wa mtu yeyote, alitaka tu kuwa mbali na ile mikono iliyozishika.

Mke wa Kocha, karani wa mahakama, alikuwa mtu wa kusikiliza mashahidi kila siku, na aliona tangu siku ya kwanza. Alisubiri Jumapili mbili. Ya tatu, mchana, watoto wakiwa wamekwenda kucheza, akaweka sahani chini.

"Unakula kama mwenye jino bovu. Na mdogo wangu haji tena kula hapa. Mlifanyiana nini?"

Akamwambia yote, mpaka karatasi ya kwenye kiatu, mpaka kamba.

"Nilitaka asije akakaa kama mimi," Kocha alimaliza. "Miaka kumi na miwili mtu unaulizwa ulishinda au ulishindwa, huna jibu."

"Wewe ulinuna miaka yote hiyo kwa sababu gani? Hukupigana?"

"Sikupigana."

"Hapana, baba watoto. Nimelala na wewe, nakujua. Ulinuna kwa sababu hukuulizwa. Sasa nenda kwa mdogo wangu. Na usimpelekee maelezo, ana maelezo ya kutosha."

Alimkuta kwenye kibanda chake cha kunyolea, mteja mmoja kitini, uso umejaa povu. Kocha alisimama mlangoni mpaka mteja akamaliza, akalipa, akaondoka. Kisha akasema, "Nimekosa, shemeji," akanyamaza, kama alivyoagizwa.

Cheche alikung'uta kitambaa cheupe. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sina kinyongo," akasema hatimaye. "Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga glavu. Jumapili nitakuja kula, mwambie dada. Wajomba zangu wadogo nimewakumbuka. Lakini konani kwangu hutasimama tena."

"Nimeelewa."

"Sikusemi kwa watu. Ila hutasimama."

"Nimeelewa, shemeji."

Ikawa hivyo. Kila Jumapili walikula sahani moja, wakabishana juu ya siasa na bei za vitu, na Cheche akawabeba watoto mabegani. Jumatatu Cheche akaenda kufanya mazoezi kwa kocha mwingine, mtu wa ng'ambo ya mji, asiyejua hata nusu ya aliyoyajua Kocha. Kocha hakuuliza chochote.

Miaka miwili baadaye Michezo ya kanda ilifanyika mjini kwao, nchi nane, mashindano ya siku kumi. Kocha alipanga foleni tangu asubuhi, akapata kiti cha juu kabisa, karibu na nguzo. Cheche alishinda pambano la kwanza. La pili alikutana na kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mikono kama mvua ya mawe. Raundi ya kwanza ikaenda kwa kijana, ya pili ikawa sawa. Ya tatu Kocha alijikuta amesimama, ngumi zimekunjwa, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka: "Mzunguke! Usisimame mbele yake! Mzunguke!"

Mama mmoja wa kiti cha nyuma alimvuta shati.

"Mzee, kaa chini, tunataka kuona. Yule ana kocha wake."

Kocha akakaa. Chini kule, Cheche alikuwa bado anapigana, damu kidogo puani, akipigwa na kurudisha, mpaka kengele. Alishindwa kwa pointi, pointi mbili tu. Alimkumbatia yule kijana, akainua mikono yote miwili kwa watu, akateremka kwa ngazi za kona yake.